Posa ya Mbwa Mwoga

Asubuhi ya kijiji cha Mamba haianzi na jogoo. Inaanza na pikipiki. Kabla jua halijavuka mlima, bodaboda wanapanda kwa Anaeli na magunia ya tangawizi mbichi, udongo ukiwa bado unadondoka. Uani kwa Anaeli ndipo kikundi cha wakulima kinapooshea tangawizi. Kuna mapipa, kuna makarai, kuna turubai za kukaushia, kuna mizani inayoning'inia kwenye mparachichi. Na kuna kelele. Gunia linatupwa chini, pu! Wanawake wanasugua na kucheka. Huyu anadai karai lake, yule anadai brashi yake.

Mkuu wa ua huo ni Koleta, mke wa Anaeli. Watu wanamwita Mama Victoria, kwa jina la binti yake wa kwanza aliyeolewa Same mjini. Ana mikono migumu na mdomo mwepesi. Akisema sugua, utasugua.

Siku moja Mama Victoria aliteremka Same kumwona mjukuu. Wakati wa kurudi alisimama karibu na stendi akisubiri Fuso la tangawizi, lililoshusha mzigo, limpandishe nyumbani. Akasikia vijana wanacheka. Akachungulia.

Chini ya lori bovu alijibana mbwa. Alikuwa mdogo, kama paka aliyeshiba. Mwili mweusi, kifua cheupe. Shingoni alikuwa na kamba ya katani iliyomkata mpaka kwenye nyama. Vijana walikuwa wakishindana kumlenga kwa mawe.

"Mbwa wa nani huyu?" akauliza.

"Hana mwenyewe, mama. Unamtaka?"

"Namtaka. Na nyie mna wenyewe? Maana mtoto mwenye kwao harushi mawe namna hiyo."

Vijana wakatazamana, wakaondoka wakijifanya wana shughuli. Mama Victoria akapiga magoti kwenye vumbi. Akamfunika mbwa kwa gunia tupu, akambeba. Mbwa hakuuma wala hakulia. Alitetemeka tu, akakojoa kwenye gunia. Alitetemeka toka Same mpaka juu Mamba.

Nyumbani walimkata ile kamba kwa kisu. Alipoachiwa tu, mbwa alikimbilia nyuma ya rundo la kuni, akajificha. Kila gunia lilipoanguka, yeye alizidi kujikunja.

Anaeli alikuwa mtu wa maneno machache. Alizitazama kuni, akamtazama mkewe.

"Mama Victoria, ua huu una watu kutwa nzima. Mbwa mwoga ndiye anayeuma. Akimng'ata mtoto wa mtu, nitasema nini?"

"Nitamtafutia mwenyewe."

"Mtafutie kabla ya mavuno makubwa. Mavuno yakifika na watu wakijaa hapa, nitamrudisha kule ulikomtoa."

"Kule kwenye mawe?"

Anaeli akainama kubeba gunia. Mkewe alimjua. Anaeli akisema neno, amesema.

Basi Mama Victoria akaanza kumnadi mbwa wake. Alimnadi kanisani baada ya ibada. Alimnadi kwenye kikundi. Watu walikuja, wakainama kwenye kuni, wakaona macho mawili yanayong'aa, wakacheka.

Aliyecheka kuliko wote ni Fredrick. Fredrick ni mtoto wa baba mdogo wa Anaeli, mnunuzi wa tangawizi mwenye ghala lake. Kwa Mama Victoria ni shemeji, na utani wao haukuwa na mpaka.

"Shemeji, huyu ni mbwa au ni panya wa kanisani? Mbona anamkimbia kuku?"

"Anamheshimu kuku. Wewe humheshimu hata mkweo."

"Mweusi, kifua cheupe, na mwoga! Huyu ni kunguru. Si wanasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake?"

Uani wote wakaangua kicheko. Toka siku hiyo mbwa akaitwa Kunguru.

"Na habweki," Fredrick akaongeza. "Nani atachukua mbwa asiyebweka? Nikupe siri, shemeji. Mpe tangawizi. Wazee wetu hapa walimpa mbwa tangawizi mbichi ili awe mkali. Ikimwasha tumboni, hasira inapanda kichwani. Ataombwa na kijiji kizima."

Mama Victoria alifikiri usiku kucha. Mavuno yalikuwa yanakaribia. Asubuhi akachagua tangawizi iliyokomaa, ile kali kabisa. Akaitwanga. Akaichanganya na ugali na mchuzi wa dagaa, akasukuma sahani nyuma ya kuni.

Kunguru alikuwa na njaa, akala haraka. Halafu akasimama. Akapiga chafya. Macho yakamtoka machozi. Akachomoka kama risasi, akapita katikati ya turubai, tangawizi zikaruka huku na huku, wanawake wakapiga mayowe. Akatapika karibu na mizani, kisha akarudi mbio nyuma ya kuni.

"Maskini, njoo nikupe maji," Mama Victoria akasema. Akaingiza mkono kule gizani ili amvute.

Hapo ndipo Kunguru alipomng'ata.

Meno yaliingia penye kiganja. Damu ikatoka. Anaeli alikuja na panga mkononi.

"Si nilisema? Si nilisema?"

"Weka panga chini, baba!"

Aliyesema ni Yasmini. Yasmini ni afisa mifugo wa kata, msichana wa Hedaru aliyepanga nyumba ya jirani. Alisikia mayowe akaruka ua, kilemba chake kimekaa upande.

"Shikamoo, baba. Samahani kwa kukufokea. Ukimuua mbwa sasa hivi, tutakosa kujua kama ni mgonjwa. Mama, njoo bombani upesi."

"Kidonda kidogo tu hiki," Mama Victoria akasema. "Nipake majivu. Au tangawizi, inakausha."

"Tangawizi imetosha kwa leo! Wala majivu hapana. Leta sabuni."

Yasmini akafungua bomba. Akamshika mkono akamwosha kwa sabuni, maji yakipita juu ya kidonda muda wote. Mama Victoria alipotaka kuutoa, Yasmini akaurudisha.

"Bado. Robo saa nzima, mama. Mate ya mbwa mwenye kichaa ndiyo yanayobeba ugonjwa. Sabuni na maji yanapunguza sana. Lakini hayatoshi. Leo hii uende hospitali upate chanjo."

"Kwa kidonda hiki?"

"Hata kingekuwa mkwaruzo. Kichaa cha mbwa kikishamwonyesha mtu dalili, hakuna dawa. Dawa ni chanjo, na chanjo haisubiri kesho. Na ukianza sindano, uzimalize zote kama watakavyokuambia."

Anaeli aliuliza kwa sauti nzito, "Na mbwa?"

"Mbwa afungiwe mahali salama, ale, anywe, na tumwangalie siku kumi. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa na kichaa siku alipouma. Mkimtupa au mkimuua, tutabaki na wasiwasi. Kwa hiyo baba, kwa siku kumi mbwa huyu ni mgeni wako."

Anaeli akashusha pumzi. Akaenda kutafuta mbao.

Siku hiyohiyo Mama Victoria alipelekwa kwa pikipiki hospitali ya Gonja. Nesi aliyemdunga aliitwa Dorkas, mwanamke mnene, mpole, aliyebakiza muda mfupi astaafu. Hakuuliza kwa kelele. Alikaa kwanza, akamwacha mgonjwa aseme.

"Umeng'atwa na mbwa wa nani?"

"Wangu. Na kosa ni langu," Mama Victoria akasema. Akaeleza yote, mpaka ile tangawizi. Nesi Dorkas alicheka hadi sindano ikabidi isubiri.

Aliporudi alikuta Anaeli amejenga banda. Hakulijenga uani. Alilijenga nyuma ya jiko, kwenye migomba, mbali na magunia. Lilikuwa na paa la bati na mlango wa mbao, na ndani kulikuwa na sanduku la kujificha.

Jioni Yasmini akaja kumtazama mbwa. Alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, mgongo kwa banda.

"Mbona humtazami?" Mama Victoria akauliza.

"Kumkazia mbwa macho ni kumtisha. Kumsimamia juu yake ni kumtisha. Kumwingizia mkono mafichoni, hiyo umeiona mwenyewe."

"Lakini mimi ndiye niliyemwokoa!"

"Yeye anajuaje? Anachojua ni mkono wa mtu. Mkono ndio uliomfunga kamba. Mkono ndio uliorusha mawe. Halafu mkono mwingine ukampa chakula kinachochoma. Ungekuwa wewe, ungeuma mara moja tu?"

Mama Victoria akauangalia mkono wake wenye bandeji.

"Kwa hiyo wazee wetu walikosea?"

"Mbwa anayewashwa tumbo si mkali, mama. Ni mgonjwa. Anafoka kwa maumivu, watu wanadhani ni ulinzi."

"Na kwa nini habweki?"

"Mbwa anabweka akiwa na pa kulinda. Huyu hana kwake bado."

Maneno hayo yalimkaa Mama Victoria moyoni. Akauliza afanye nini.

"Chakula kilekile, saa ileile, sauti ileile. Usimfuate. Mwache aje mwenyewe."

"Mwanangu, mimi nina kazi. Sina muda wa kukaa na mbwa."

"Vizuri sana. Leta kazi yako hapa, umpe mgongo."

Fredrick alikuwa akipita na gunia. "We Yasmini! Mwislamu na mbwa, wapi na wapi?"

"Mate yake nayaosha kwa maji, kaka. Huruma yangu sina haja ya kuiosha."

Basi kila jioni, watu wakishaondoka, Mama Victoria alichukua ungo wake wa maharage, akavingirisha kinu bandani, akafunga mlango, akakaa akimpa mbwa mgongo. Alipukuchua maharage na kuongea polepole. Kwa kuwa hakuwa na la kumwambia mbwa, alimwambia habari za mumewe.

"Huyu Baba Victoria, Kunguru, akinuna anaweza kula ugali mzima bila neno. Lakini ana moyo. Lile bati la bandani kwako alilitoa kwenye zizi la mbuzi wake."

Nyuma ya migomba Anaeli alikohoa. Alikuwa amesimama pale na mfupa mkononi.

"Nilikuwa napita tu," akasema.

"Na mfupa unapita pia?"

Siku za mwanzo Kunguru hakutoka sandukuni. Halafu alitoa pua. Halafu alikula huku Mama Victoria akiwa pale. Halafu jioni moja, katikati ya maharage, Mama Victoria alihisi kitu cha baridi kwenye kiwiko. Ilikuwa pua. Hakugeuka. Hakupumua. Maharage yakamwagika kutoka kwenye ungo, hakuyajali. Pua ikanusa kiwiko, ikanusa bandeji, ikabaki pale.

Usiku ule alimwambia mumewe, "Leo nimeguswa."

Anaeli akaruka kitini. "Umeguswa na nani?"

"Na Kunguru! Kaa chini."

Siku kumi zikaisha. Mbwa alikuwa mzima, anakula, macho safi. Mama Victoria aliendelea kuteremka Gonja kwa sindano zilizobaki. Kila safari alimpa Nesi Dorkas habari mpya. Leo amechukua dagaa kutoka mkononi. Leo amekubali mkanda shingoni, mkanda laini, si kamba. Leo amenifuata mpaka kisimani. Nesi Dorkas alimsikiliza kama anayesikiliza habari za mtoto.

Ikafika siku ya chanjo ya mbwa. Watu walikusanyika kwenye uwanja wa shule. Wengine waliburuta mbwa, wengine waliburutwa. Fredrick alikuja na mbwa wake Komando, mkubwa kama ndama, mnyororo mzito shingoni. Komando alipoona sindano alipiga mayowe, akamzungushia Fredrick mnyororo miguuni, akamwangusha kwenye matope mbele ya kijiji.

"Shemeji!" Mama Victoria akaita. "Leo Komando hakupewa tangawizi?"

Kisha zamu yake ikafika. Kunguru alitetemeka, hilo lilionekana na wote. Lakini alitembea mwenyewe mpaka mezani, ubavuni mwa mama yake. Mama Victoria akachuchumaa, akampa bega la kuegemea. Sindano ikaingia. Kunguru akafumba macho, akayafumbua. Basi.

Halafu mzee mmoja akasema, "Yule si ndiye aliyemkimbia kuku?"

"Ndiye," akajibu Mama Victoria. Alirudi nyumbani katikati ya barabara, kichwa juu, kadi ya chanjo mkononi kama cheti cha ndoa.

Kuanzia hapo watu wakaanza kumtaka Kunguru. Mama Victoria alifurahi, alitaka kumtoa kwa wa kwanza. Yasmini akamzuia.

"Mama, usitafute mtu anayetaka mbwa. Tafuta nyumba inayomfaa mbwa huyu. Ulipomwoza Victoria, ulimtoa kwa wa kwanza aliyebisha hodi?"

"Thubutu! Posa ilikuja, tukauliza ukoo, tukauliza tabia, tukauliza kazi."

"Basi uliza."

Wa kwanza kuja alikuwa Fredrick.

"Shemeji, nampokea Kunguru alinde ghala."

"Karibu, kaa. Nina maswali. Atalala wapi?"

"Mbwa analala alipofungwa."

"Ukisafiri, nani atamlisha?"

"Ataokoteza."

"Posa imekataliwa. Pita jikoni unywe chai."

Wa pili alikuwa Rashidi, mwenye duka kando ya barabara. Rashidi alikuwa mtu mwema, na alijibu vizuri maswali yote. Lakini duka lake lilikuwa na spika inayopiga muziki toka asubuhi. Alijicheka mwenyewe. "Dada, hata mimi spika ile inanitisha. Atateseka. Niacheni nitoke kwa heshima." Akapewa chai na yeye.

Mavuno yakafika. Magunia yakaanza kuwa mengi. Mama Victoria hakulala vizuri. Asubuhi moja alimkuta Anaeli amekaa bandani, Kunguru miguuni pake.

"Baba Victoria, siku imefika. Ulisema neno."

"Nilisema," Anaeli akajibu. Alimpapasa mbwa mgongoni. "Kurudi kwenye mawe, hapana. Hilo nimelifuta. Lakini tazama anavyotetemeka kila gunia likianguka. Hapa atakaa, lakini hatapumzika."

Siku ileile bodaboda alimshusha mwanamke mnene mwenye kikapu. Alikuwa Nesi Dorkas. Alikuwa amestaafu wiki iliyotangulia.

"Nimekuja na posa," akasema. "Na mshenga sina, kwa hiyo nitajisemea."

Walimpeleka nyuma ya jiko. Nesi Dorkas hakuita "Kunguru, Kunguru." Hakunyoosha mkono. Alivuta kinu, akakaa upande, akatoa kwenye kikapu sweta aliyokuwa anafuma, akaendelea kufuma. Mama Victoria na Anaeli wakatazamana. Chai ililetwa, ikanywewa. Sweta ikaongezeka mistari.

Kunguru akatoka. Akazunguka mbali. Akazunguka karibu. Akanusa kiatu. Kisha akajilaza, kidevu juu ya kiatu cha Nesi.

"Nani alikufundisha?" Mama Victoria akanong'ona.

"Watoto wanaoogopa sindano. Ukimwendea anapiga kelele. Ukikaa kimya na shughuli yako, anakuja kuuliza unafanya nini."

"Maswali bado yapo."

"Uliza."

Nyumba yake ilikuwa ndogo, ina ua, haina kelele. Aliishi peke yake. Ngedere walikuwa wanamaliza mahindi yake. Mpwa wake aliishi jirani na angemlisha mbwa siku akisafiri. Kadi ya chanjo angeitunza, na kila mwaka angempeleka kuchanjwa tena. Mama Victoria aliporidhika, Anaeli aliinua mkono. Baba wa binti alikuwa na la mwisho.

"Na mvua ikinyesha?"

"Ana mkeka wake barazani, karibu na mlango."

"Karibu kiasi gani?"

"Baba Victoria!" mkewe akasema.

"Acha niulize. Nani alilijenga lile banda?"

Posa ikapokelewa. Kunguru aliondoka siku hiyo ndani ya kikapu, chini yake kanga kuukuu ya Mama Victoria, ili harufu ya nyumbani isimwache ghafla. Yasmini alitoa maagizo. Siku za kwanza asitolewe nje ya ua, wageni wasimjali, chakula kiwe kilekile alichozoea. Anaeli alisimama barabarani mpaka pikipiki ilipopotea kwenye kona. Kisha akaenda kubeba magunia, na siku ile aliyaweka chini taratibu, ingawa hapakuwa tena na wa kumtisha.

Mavuno yalipokwisha, Mama Victoria aliteremka Gonja na tangawizi ya zawadi. Hakuwa ametoa taarifa. Alifika kwenye ua wa Nesi Dorkas, akashika mlango wa mbao, akausukuma kidogo.

"Wou! Wou! Wou!"

Mbwa mdogo mweusi alikuwa amesimama barazani, miguu minne imekazwa, kifua cheupe mbele. Alikuwa amenenepa. Alimbwekea mgeni bila kurudi nyuma hata hatua moja. Nyuma ya nyumba ngedere walikuwa wanaruka kwenye miti wakitukana, mbali kabisa na mahindi.

Mama Victoria akasimama pale pale, mkono kinywani. Kisha upepo ukapeleka harufu yake barazani. Kunguru akanyamaza. Akanusa. Akaja mbio, mkia ukizunguka mpaka kiuno kikapinda, akaweka pua yake ya baridi kwenye kiganja chenye kovu.

Jioni aliporudi Mamba, ua ulikuwa bado na watu. Fredrick alikuwepo, anapima gunia, Komando kafungwa mnyororo karibu yake.

"Haya shemeji, binti yako Kunguru hajambo?"

"Kanibwekea!" Mama Victoria akasema, akicheka na kufuta macho. "Mimi, niliyemtoa chini ya lori! Kanizuia mlangoni kama mwizi!"

Anaeli akaacha mzigo wake, akasimama.

"Kabweka? Kwa sauti?"

"Kwa sauti ya mwenye nyumba."

Anaeli alikung'uta udongo mikononi, akavuta kiti katikati ya ua, mahali ambapo kila mtu angeweza kumwona. Akakaa kama mzee aliyeozesha vizuri.

"Fredrick," akasema, "mfungulie Komando ule mnyororo. Njoo ukae, nikueleze namna ya kulea mbwa."